Usirare na Njaa, Njoo Ure

Sitazunguka. Nilichukua sauti ya mtu aliyenilea nikaifanya kichekesho, na nilipoulizwa nikakana. Jina langu silisemi. Siogopi kusutwa, nimeshasutwa vya kutosha, ila jina langu ni la ukoo wake pia, na yeye ameshachezewa na midomo ya watu kupita kiasi.

Huenda hata wewe ulimcheka. Kuna kibwagizo kilizunguka sana kwenye simu: ngoma zinagonga, halafu mama mmoja mwenye sauti nzito anasema, "Usirare na njaa, njoo ure! Usi-usi-usirare!" Umekumbuka? Basi sikulaumu. Mimi ndiye niliyekuletea.

Yule mama ni mama yangu mdogo. Mama mzazi alifariki kule Mara kabla sijaanza shule, na mdogo wake ndiye aliyenifuata akanileta Mwanza, akanilea kama wa tumbo lake. Anaishi Nyakato, anashona sare za shule, na kanisani kwetu ndiye aliyekuwa msomaji wa matangazo tangu nina akili.

Sisi ni Wajita. Kwenye Kiswahili, l na r zinatuponyoka. Mama mdogo akisema lala inatoka rara, na mahali panakuwa mahari. Kila Jumapili alitutangazia mahari pa kikao na hakuna aliyefikiria posa, kwa sababu nusu ya kanisa wanaongea hivyohivyo. Tena walimpenda. Sauti yake ilifika mpaka kwa wanaochelewa kule nje.

Mimi nilijifunza kuificha hiyo r. Shule ya msingi darasa zima lilinicheka nilipoambiwa nisome kwa sauti. Nilirudi nyumbani nalia, na mama mdogo akanituliza, akasema yeye anaongea vilevile na hajawahi kukosa mtu wa kumwelewa. Sikumsikiliza. Niliushughulikia ulimi wangu mpaka ukanyooka. Leo ukinisikia hutajua natokea wapi, labda unikute nimekasirika au nimeogopa.

Kazi yangu ni kutunga muziki. Siyo ule wa kuchezwa harusini, hapana. Ule unaofungua podikasti, ule unaokutia wasiwasi kwenye filamu fupi kabla mlango haujafunguliwa, ule unaojirudia kwenye gemu za simu mpaka unauchukia. Sina bosi wala ofisi. Nina chumba Pasiansi, hapahapa Mwanza, magodoro nimeyaegemeza ukutani kuzuia kelele, na mvua ikianza kupiga bati naacha kurekodi nakaa kuisubiri iishe.

Sisi wa kazi hii tunaokota sauti. Cherehani ya mama mdogo ninayo, injini ya boti inayokataa kuwaka ninayo, mafuta ya moto yanapopokea sambusa ninayo. Zote nimeziweka kwenye kompyuta. Sikuwahi kujiuliza ni za nani.

Sasa akaja jamaa wa Dar mwenye podikasti ya vichekesho. Alitaka kibwagizo. Nikamtumia cha kwanza, akakataa. Cha pili akasema kimekaa kama tangazo la benki. Cha tatu alijibu neno moja tu: "Kimekufa." Jamani, mimi hasira zangu ziko karibu! Niliusema ukuta mpaka jirani akagonga. Alichokuwa anataka ni kitu chenye mtu ndani yake, ndivyo alivyosema, na mimi nilikuwa namletea mashine.

Jioni ileile simu ikaita mara moja. Mama mdogo alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti, maana kuandika anasema kunamchosha macho. "Mwanangu, najua uko kwenye makerere yako. Usirare na njaa. Njoo ure."

Nilicheka. Naapa lilikuwa cheko la mtu anayejua anapendwa. Lakini mkono ulishafika kwenye kompyuta. Nikaukata ule ujumbe, nikaweka ngoma chini yake, nikairudisha ile "usi-usi" mpaka ikaanza kucheza yenyewe. Nikaishusha sauti kidogo ikawa nzito zaidi, nikajidanganya kwamba sasa siyo yake. Nikatuma.

Halafu nikaenda kwake, nikala. Ugali, sato na mchicha. Nikamshukuru.

Jamaa alipiga simu akicheka, akaniuliza huyo mama nimemtoa wapi. Nikamwambia ni mwigizaji. Huo ndio uongo wa kwanza, na ulitoka mwepesi kweli.

Kilichofuata mnakijua. Stendi ya Buzuruga makonda walikuwa wanaitia abiria: njoo ure, njoo ure! Watoto wakaimba, watu wakaiweka kuwa mlio wa simu. Nami kazi zikaanza kuja, filamu fupi, gemu, watu ambao mwanzo hawakuwa wanajibu hata salamu zangu. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Jumamosi moja tuko mezani kwa mama mdogo, mimi, yeye na binti yake Neema anayesoma chuo. Mama hakuwa amekula chochote. Akatoa simu, akatusikilizisha kile kibwagizo. Mteja aliyefuata sare za watoto ndiye aliyempelekea, tena akicheka, akidhani mama anajua.

Nikajifanya mtaalamu. Nikamwambia mama, siku hizi kompyuta zinaiga sauti ya mtu yeyote, huenda hata siyo yeye.

Akaniangalia. "Kompyuta imejuaje kama nakuitaga kura?"

Na hapo ndipo shetani alipopata kiti. Mama akamgeukia Neema, kwa sababu Neema ndiye anayemshikia simu yake, anamtumia picha, anamfutia vitu. Akasema ni yeye tu aliyeweza kuutoa ujumbe ule akaurusha kwenye makundi yao ya chuo. Neema akaapa, machozi yanatoka. Mama akanyoosha mkono, akaichukua simu ya Neema, akaiweka kwenye droo ya cherehani.

Neema akanigeukia mimi. "Kaka, mwambie."

Hakuwa ananishuku hata kidogo. Alikuwa anaomba tu nimtetee, kwa vile mimi ni mkubwa na mama hunisikiliza. Na mimi nikafungua mdomo nikasema, "Neema, ungekuwa mwangalifu."

Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta, nikaiandika tena. Katika yote niliyofanya, hiyo ndiyo inayonisumbua zaidi.

Wiki iliyofuata sikula vizuri. Nilipanga kusema Jumapili baada ya ibada. Kanisani mimi ndiye mpiga kinanda, kwa hiyo nakaa mbele, nawaona watu wote. Mama mdogo akasimama na karatasi yake, gauni la kitenge, miwani puani, kama siku zote.

"Ndugu wapendwa, kikao cha akina mama kitafanyika mahari..."

Kutoka viti vya nyuma, kijana mmoja akasema taratibu, njoo ure.

Wakacheka watoto kwanza. Halafu vijana. Halafu watu wazima, wakijificha nyuma ya vitabu vya nyimbo, watu aliowashonea nguo za ubatizo! Mama aliangalia karatasi kama vile kuna mtu ameibadilisha. Niliuona mdomo wake unajaribu. "Maha... maha..." Haikutoka wala l wala r.

Sikuweza kuvumilia. Vidole vikaanguka kwenye kinanda, nikaanza kupiga. Watu wakadhani ni wimbo, wakasimama, wakaimba. Mama akaikunja karatasi akaenda kukaa. Mchungaji alinitazama kwa mshangao, maana hakuwa amenipa ishara yoyote. Baada ya ibada nilitoka kwa mlango wa pembeni, sikusema lolote.

Jumapili iliyofuata matangazo yalisomwa na mwalimu mmoja kijana. Alisoma vizuri, kila herufi mahali pake. Mama alikaa katikati ya watu, na wimbo ulipoanza sikuisikia sauti yake. Mimi sauti ile naijua hata katikati ya kwaya. Haikuwepo.

Nilimaliza siku kadhaa najiambia kesho, kesho. Mwishowe nikaenda Nyakato mchana, nimeshakariri maneno. Nilipofika getini, kitu cha kwanza kilichonishtua ni kwamba cherehani ilikuwa kimya. Ndani nikamsikia Neema.

"Mama, ulimi uguse juu. Lala."

"Rara."

"Lala."

"Ra... La. Lala."

"Umeona? Tena."

Nilisimama pale na mkono kwenye geti. Mwanamke mzima, umri wa kuitwa bibi, anafundishwa kuongea na mtoto wake kwa sababu yangu. Nilitamani nirudi Pasiansi nikajifungie. Lakini Neema alikuwa mle ndani, bado hana simu, bado ana kosa langu.

Nikaingia. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

Basi, hakuongeza kitu. Siku zote huwa ni marahaba mwanangu. Yale maneno niliyokariri yakapotea yote.

"Mama, ni mimi. Siyo Neema. Nirifikiri hutasikia."

Nirifikiri! Miaka yote hiyo nimeibana, na siku hiyo ikatoka. Neema akainua kichwa. Hakuna aliyecheka.

Mama akavua miwani. Alianza kuongea taratibu, kila neno akilipima kabla ya kulitoa. "Nilijua. Ile Jumapili ulipiga kinanda kabla mchungaji hajakuambia. Asiye na kosa angesubiri."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alikuwa ananingoja. Yeye mwenyewe alishamwomba Neema msamaha Jumapili ileile, na simu alitaka kumrudishia, Neema mwenyewe ndiye aliyekataa kuichukua mpaka kaka yake aseme. Kumbe walijua wote wawili! Siku zote hizo nilikuwa naingia pale, nanawa mikono, nakula, na wao wananiangalia.

Nikamgeukia Neema nikamwomba radhi. Akasema, "Sawa kaka," akafungua droo akachukua simu yake, akatoka nje. Mpaka leo ananiamkia kwa adabu zote, shikamoo kaka, na utani wetu umekwisha.

Nikabaki na mama. Nikamwambia asijisumbue na hayo mazoezi, nikamkumbusha alivyonituliza nilipochekwa shuleni, kwamba hakuna aliyewahi kushindwa kumwelewa.

"Nilikuambia hivyo kwa sababu mimi nilikuwa sijawahi kuchekwa," akasema. "Nilidhani ni mambo ya watoto. Sikujua inauma hivi."

Akavaa miwani akarudi kwenye kitambaa chake.

Nilimpigia yule jamaa wa Dar nikamweleza ukweli wote, hata kwamba hakuna mwigizaji. Sikumlaumu, maana mimi ndiye niliyemdanganya. Alikitoa kile kibwagizo, nikamtungia kingine bila kuweka sauti ya mtu. Wasikilizaji wakalalamika, wakataka mama yao arudishwe. Mama yao! Na kwenye simu za watu kimebaki palepale. Juzi nimekisikia kwa kinyozi nikaacha kichwa nusu, nikatoka na taulo shingoni.

Mwaliko wa kurudi kusoma matangazo mama mdogo aliupata, mchungaji alikwenda mwenyewe nyumbani. Mama alimkaribisha chai, akamshukuru, akakataa. Kwaya aliyokuwa akiimba nayo ameiacha, amesema anapumzisha kifua. Kifua chake hakina ugonjwa wowote.

Sasa naongea na ninyi mnaofanya kazi kama yangu, na hata msiofanya, mradi mna simu yenye sauti za watu ndani. Mtu akikutumia sauti yake amekutumia wewe. Akikosea neno, amelikosea mbele yako kwa sababu anakuamini, angekuwa mbele ya wageni angejiangalia. Usimrushe kwenye kundi hata kwa mapenzi, hata kama unaona anapendeza. Na kama umeshafanya, sema leo. Usimwachie mtoto wa watu alie kwa ajili yako ukiwa umekaa hapohapo unatafuna.

Mimi mama mdogo hajanifukuza. Ningeona nafuu kama angenifukuza. Jana jioni simu iliita mara moja, nikairukia nikijua ni yeye, nikaiweka sikioni. Kimya. Nikaangalia, kumbe siku hizi ananiandikia. Nikasoma: "Usilale na njaa. Njoo ule."

Hakuna herufi iliyokosewa. Nilikaa kwenye kile chumba changu chenye sauti za kila kitu, nikautafuta ule ujumbe wa zamani niusikilize mzima, na sikuupata. Nilipoukata siku ile sikubakiza nakala, na kwenye simu nilishaufuta. Kilichobaki ni kile kibwagizo.

Nilikwenda, nikala. Tulikula watatu bila kuongea. Ombeni ruhusa, ndugu zangu, mtu akiwa bado anaongea.