Nilimwambia Nimeshahifadhi, Kumbe Seva Inasubiri Mgeni Rasmi

Siyo radi! Naanza na hilo kwa sababu miaka yote hii watu wanaambiwa ni radi, na anayewaambia ni mimi. Aliyeua utafiti wa yule dada ni mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, mchana kweupe, nimekaa kwenye kiti nachokonoa meno.

Nitamwita Mwanaidi, ingawa siyo jina lake. Langu mniache nalo, nina watoto hapa Morogoro na sitaki wanyooshewe vidole.

Nilikuwa fundi umeme kiwandani. Kiwanda kikabinafsishwa, tukapunguzwa kazi kwa mafungu, na fungu langu likafika. Nikakaa nyumbani Mafiga, mke wangu anauza maandazi, mimi nafukuza nzi. Jamani, mwanaume kukaa nyumbani ni adhabu! Kwa hiyo nilipopata kazi chuo kikuu fulani, ya kutandaza nyaya za kompyuta, nilijiapiza kwamba sitabishana na bosi yeyote mpaka naingia kaburini.

Miaka ile simu za mkononi ndiyo kwanza zinaingia, na intaneti mjini unailipia kwa dakika. Chuo kikapata wafadhili wa kujenga mtandao wa watafiti. Tukaweka dishi juu ya paa, tukavuta nyaya kutoka jengo hadi jengo, na kwenye chumba changu ikakaa seva, yaani ile kompyuta kubwa inayotunza kazi za wote. Ilikuwa ya mtumba, inavuma kama mashine ya kusaga. Tukawatangazia watafiti walete kila kitu humo, nao wakaleta.

Mwanaidi alikuwa mwalimu msaidizi, Mluguru wa huko huko juu milimani. Alikuwa anapima maji ya mto unaopita kwao. Alikuwa na kifaa kinacholala ndani ya maji na kujipimia chenyewe usiku na mchana. Yeye anapanda mlima kwa miguu, anahamishia vipimo kwenye kompyuta ya kubebea ya idara, kifaa kinajifuta na kuanza upya. Akishuka, viatu vimejaa udongo mwekundu, anapita kwanza kwangu kuweka vipimo kwenye seva, ndipo aende kuoga.

Karatasi hakuwa nayo hata moja. Hata ile kompyuta ya kubebea ilikuwa ya idara nzima, na mimi mwenyewe nilikuwa naifuta yote kila ilipoingiwa na virusi. Kwa hiyo misimu yake yote ya mvua na kiangazi ilikuwa ndani ya lile sanduku la mtumba. Kwa vipimo hivyo alikuwa ameshapata nafasi ng'ambo ya kusomea shahada ya uzamivu. Ilibaki asafiri navyo tu.

Ndipo ikaja seva mpya. Loh, ilikuwa nzuri! Nikaifunga, nikaijaribu, ikaitika. Nimo katika kufurahi, mkuu wangu wa kitengo akaingia.

"Zima," akasema. "Hiyo haiguswi mpaka mgeni rasmi aje kuizindua."

"Mkuu, tungeihamishia kazi za watu kimyakimya. Siku ya uzinduzi tunaizima, halafu tunaiwasha upya."

"Kwa hiyo unataka mgeni rasmi akate utepe kwenye kitu kilichokwishatumika?"

Nikaizima. Meza ikazungushiwa utepe wa rangi za bendera, maua ya plastiki yakapangwa juu, na seva ikarudishiwa nailoni yake. Wenzangu mnayajua haya. Kisima kimejaa maji, kimepigwa kufuli kinasubiri mkasi, na kina mama wanapita na ndoo zao kwenda bondeni.

Mgeni rasmi akawa haji. Mara kasafiri, mara ana kikao, mara tumepangiwa tarehe nyingine. Maua yakashika vumbi. Ile seva kuukuu nayo ikaanza kukwaruza.

Mwanaidi akaisikia. "Shikamoo kaka. Mashine yako leo inalia vibaya. Si uniwekee nakala kwenye hii mpya?"

"Hiyo bibi harusi, dada. Haijafunuliwa." Nikacheka peke yangu.

Akaja tena, na tena. Na hapa ndipo penye aibu yangu, maana woga wa kufukuzwa ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba nilipenda kubembelezwa! Mimi niliyetolewa kiwandani kama gunia bovu, leo wasomi wanasimama mlangoni kwangu kwa sababu funguo ninazo mimi. Nilikuwa nauona utamu wake mpaka kwenye magego.

Ijumaa moja akaja amekata shauri. "Kaka, basi nitolee vipimo vyangu niende mjini. Kuna kijana pale kwenye intaneti anachoma CD. Nitakaa hata mpaka jioni."

Kumtolea ilikuwa kazi ya saa nzima au zaidi, na mimi nilishavaa akili ya kwenda kijiweni kucheza bao. Pia niliogopa mkuu asije akasikia kwamba kazi za chuo zinapelekwa mtaani kwa sababu chumba changu hakiaminiki. Neno likanitoka bila hata kulitafuna.

"Mbona nilishakuwekea? Vipo humo kwenye mpya. Niliiwasha juzi kwa kujiiba. Usimwambie mtu."

Alinishika mikono yangu yote miwili. "Mungu akuweke, kaka yangu." Akaondoka zake, CD hakwenda kuchoma.

Naapa nilikusudia kuifanya ile kazi Jumatatu! Ulikuwa ni waya mmoja tu wa kuchomeka.

Jumamosi alasiri ikashuka mvua ya masika. Mitaro ya nyaya ilikuwa haijachimbwa, kwa hiyo nyaya zetu zilikuwa zinaning'inia kwenye mikaratusi. Radi ikapiga mti, ikafuata waya hadi ndani ya chumba changu. Nilipofungua mlango harufu peke yake ilinieleza. Seva kuukuu ilikuwa imeungua. Mpya haikuguswa hata kidogo, maana haikuwa imeunganishwa na kitu chochote.

Jumatatu watafiti walijaa kwenye korido, wengine wanalia. Mwanaidi ndiye aliyekuwa anawabembeleza. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Mimi kaka yangu aliniwekea, na ninyi tutaona atawasaidiaje." Ee Mungu wangu! Nilitamani sakafu ipasuke.

Akaingia, akafunga mlango. "Kaka, hebu niwashie nivione tu, roho itulie."

Nikautazama utepe. Na yeye akautazama. Akaitazama na nailoni, imekunjwa vilevile, na vumbi lake juu.

"Kaka, uliiwasha hii?"

"Nilikuwa naiwasha Jumatatu."

"Leo ndiyo Jumatatu."

Akakaa chini sakafuni na sketi yake ya kazini. Hakunitukana. Angenitukana, angenizaba kibao, leo ningekuwa na nafuu.

Tulihangaika. Nilikibeba kile chuma kilichoungua hadi Dar, mafundi wakakigeuza huku na huku, wakanirudishia wakitikisa vichwa. Kule ng'ambo wakamjibu kwamba bila vipimo nafasi anapewa mwingine. Kuanza upya hakuweza, mradi uliomletea kile kifaa ulikwisha na wenyewe wakakichukua. Nilikuwa naona kila mlango unavyofungwa, na sina pa kuushikia.

Halafu mgeni rasmi akaja! Sasa ndiyo akaja. Mkuu akamchagua Mwanaidi kubeba sinia la mkasi, eti kwa sababu anapendeza akivaa kitenge. Alisimama pale na sinia lake, uso mkavu. Utepe ukakatwa.

"Na humu ndani mna nini?" mgeni rasmi akauliza.

"Tafiti zote za chuo, mheshimiwa," mkuu akajibu.

Mlikuwa hamna kitu. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Mwanaidi alikuwa na mikono miwili kwenye sinia, akatazama ukutani.

Alikuwa na uwezo wa kunisema kwa yeyote pale. Hakunisema. Baadaye akaacha kazi, akaenda kufundisha sekondari huko Turiani. Nikajikusanya, nikamfuata kuomba radhi. Alinipokea kwa shikamoo, akanipakulia wali. Kila nikifungua mdomo anasema, "Kula kwanza kaka, wali unapoa." Nilipomaliza kula akaniambia, "Nilikusamehe zamani. Ila usije tena. Ukija nakumbuka."

Sijarudi.

Ule mto siku hizi umepungua, kiangazi watoto wanauvuka bila kupandisha kaptula. Watafiti vijana wanapanda huko na vifaa vya kisasa, wanataka kujua zamani maji yalikuwa kiasi gani, wapate kulinganisha. Wanaletwa kwangu kwa kuwa mimi ndiye wa siku nyingi. Juzi alikuja binti mmoja mpole, kanisalimia vizuri, kaniuliza, "Mzee, vile vipimo vya mwanzo vilikwenda wapi?"

Nikamjibu ni radi.

Wewe unayesoma hapa, mwenye funguo za chumba, za stoo, za dawa, za chochote ambacho mwenzako anakitegemea, nakusihi. Mtu akikuuliza kama umefanya, na hujafanya, mwambie sijafanya. Atakasirika, atakwenda kujitafutia njia nyingine, na kazi yake itapona. Ni neno moja tu. Mimi lilinishinda siku ile nikiwa kijana, na juzi, na mvi hizi, limenishinda tena.