Ufunguo Wenye Uzi Mwekundu

Breki hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa barabarani na madereva wenzake, kwa sababu alikanyaga breki mapema kuliko mtu yeyote: akiona taa ya kijani kwa mbali, anapunguza mwendo, eti huenda ikabadilika. Waliompa jina walikuwa wanamcheka. Mwajiri wake yeye alisema ndilo jina lililomfanya amchukue kazini.

Mwajiri huyo ni Mama Sare, mwenye kiwanda kidogo cha kushona sare za shule: vyerehani kumi na sita kwenye ukumbi mmoja, na feni zinazopiga kelele kuliko vyerehani vyenyewe. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha na haraka isiyoisha. Breki ni mfupi, mnene kiasi, na mpole wa kupindukia. Kila asubuhi alimpeleka Mama Sare kwa wateja, mchana akafuata vitambaa kwa muuzaji wa jumla, na majora aliyapakia na kuyapakua mwenyewe, ingawa hakuna aliyemwambia hiyo ni kazi ya dereva.

Gari la zamani lilipochoka kabisa, likaja jingine lililowatoa wote wawili ushamba. Halikuwa na tundu la ufunguo popote. Ufunguo wenyewe ni kidude cheusi cha kukaa mfukoni. Ukisogea nacho na kugusa mpini wa mlango, gari linakitambua na kufunguka. Ukishakaa unabonyeza kitufe, injini inawaka. Kilichowaacha mdomo wazi, hata hivyo, ni kwamba kila ufunguo ulikuwa na mtu wake. Funguo zilikuja mbili. Ukisogea wa Mama Sare, kiti cha dereva kinarudi nyuma na kushuka, vioo vya pembeni vinajigeuza, redio inaanza kusoma habari. Ukisogea wa Breki, kiti kinakuja mbele, kinapanda, na redio inanyamaza kimya. Na kila injini inapozimwa, gari linahifadhi kiti kilivyoachwa na mwenye ufunguo huo, likamwekea hivyohivyo mpaka kesho.

Wiki ya kwanza ilikuwa vichekesho. Wakifika mlangoni pamoja, gari lilisikia funguo mbili kwa mpigo, likachagua ule liliousikia kwanza. Mara nyingi ulikuwa wa mama. Breki anaingia, kiti kinamchukua kinyumenyume, miguu inaning'inia, hafikii breki yake mpendwa. Mafundi cherehani walichungulia dirishani wakacheka hadi machozi. Basi ikawekwa sheria: Breki anatangulia, anafungua na kukaa, Mama Sare anasubiri hatua kumi nyuma, mpaka aone kiti kimetulia. Yeye asiyewahi kumsubiri mtu alisimama pale kila asubuhi, mkoba begani, akihesabu hatua kwa macho. Na kwa kuwa vidude vile vilifanana kama mapacha, mafundi walivifunga nyuzi, wa mama wa bluu na wa Breki mwekundu, vikawa vinatundikwa ofisini jioni kila mtu anapoondoka.

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo Breki hakumwambia mtu. Kiuno kilikuwa kinamla. Kilianza kidogo, siku moja akiinua jora la kitambaa cha kaptula, kisha kikahamia kwake moja kwa moja kama mgeni asiyeaga. Angemwambia nani? Kabla ya hapo aliendesha malori ya kampuni moja ya usafirishaji, na siku aliyowaambia mgongo unamsumbua, meneja alimpigapiga begani: "Nenda kapumzike, kazi yako ipo." Alipumzika. Anapumzika kule mpaka leo. Kwa hiyo safari hii alifunga mdomo, akaikabidhi shida yake kwa kile kiti. Alikinyoosha wima, akakiinua juu ili asiiname akishuka, akautoa mto wa kiuno mpaka mwisho wake, na akawasha joto la kiti hadi namba ya juu. Gari likahifadhi kila kitu. Miezi minane lilimtunzia siri yake vizuri sana.

Jumamosi moja mchana, Breki akiwa ameshaenda nyumbani, Mama Sare aliitwa na mteja. Ufunguo wake hakuuona. Baadaye ulikuja kukutwa umekunjwa ndani ya jora, msiniulize ulifikaje. Akachomoa wa uzi mwekundu, akakimbilia garini, akakaa. Kiti kikampandisha juu mpaka kichwa kikagusa dari. Mto ukamsukuma kiuno kama mtu anayemwambia ashuke. Dakika mbili baadaye alikuwa ameketi juu ya moto, na nje jua lilikuwa linawaka kweli kweli. Kwanza alicheka. Kisha akaacha kucheka, akakaa vilevile bila kuwasha injini, akiwaza ni mtu wa namna gani anaweza kuendesha hivi kila siku.

Jumatatu alimwita Breki ofisini na kufunga mlango.

"Breki, siku hizi unaendesha ukiwa juu ya jiko?"

"Mama?"

"Kiti chako kina moto. Nimekikalia juzi."

"Ah, ile ni baridi tu ya asubuhi, mama."

"Baridi ipi? Watu wanalala madirisha wazi wewe unaota moto!" Akashusha sauti. "Kiuno kimeanza lini?"

Breki aliangalia viatu vyake. Alikuwa na uongo mzuri kabisa aliouandaa kwa siku kama hii, ila ulimpotea. "Mwezi wa nane huu, mama."

"Miezi minane! Na majora unanibebea!" Mama Sare alisimama, akakaa, akasimama tena. "Mimi nina macho ya nini sasa? Nakuona unapakia kila siku, nakupigia honi ufanye haraka!"

"Mama, usinifukuze. Naweza kuendesha."

"Nani kataja kufukuza? Lete ufunguo."

Aliutoa mfukoni, na mkono wake haukutaka kuuachia. Mama Sare aliuchukua, akauweka kwenye droo ya meza, akaifunga. "Nenda katibiwe," akasema. "Kazi yako ipo."

Maneno yaleyale! Breki alishuka ngazi moja moja, akishikilia ukuta, na kwake kazi ilikuwa imekwisha.

Nyumbani mkewe alimwona mapema mno mlangoni, akaelewa bila kuuliza. Aliposimuliwa alisema, "Baba, lakini hujafukuzwa."

"Sijafukuzwa kwa mdomo."

Miezi minne alikwenda hospitali kunyooshwa, akafundishwa kulala chali na kuinua mguu mmoja baada ya mwingine kama mtoto anayejifunza kupiga teke. Mkewe alimhesabia, na akidanganya hesabu alimrudisha mwanzo. Mshahara uliendelea kuja, lakini hata kule kwenye malori uliendelea kuja, mpaka ulipoacha. Kisha fundi mmoja wa cherehani aliyekuja kumjulia hali akaropoka kwamba kuna dereva mpya. Kijana mzuri tu, ana mbio. Breki alimkaribisha chai, akamshukuru kwa kuja, na usiku huo zoezi lake hakulifanya.

Daktari alipomruhusu, alimwandikia karatasi: aendeshe, asibebe mzigo. Breki aliikunja mara nne. Mkewe alimnyooshea kola getini na kumwambia, "Nenda ukasikie kwa masikio yako."

Dereva mpya alikuwa uani, anafuta kioo cha gari. Kidoleni alikuwa anazungusha ufunguo mweusi, una uzi wa njano. Breki alitazama ule uzi. Wamebadilisha uzi, basi. Si kazi kubwa kubadilisha uzi kwenye kiwanda cha nguo.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye mwenye mwekundu, eh?"

"Marahaba. Mwekundu gani tena?"

"Ufunguo! Huu wangu ni wa tatu. Mama alileta fundi akautengeneza kwa kompyuta." Kijana alicheka. "Alimtesa yule fundi! Fundi akasema funguo zote ziletwe, ndipo gari likubali mgeni. Mama akamsimamia kichwani: 'Huu mwekundu usije ukapoteza kumbukumbu yake.' Kamuuliza mara tatu. Siku moja betri ya huu wangu ikafa, nikamwomba nitumie wako mpaka jioni. Mzee, alinitembeza kwa miguu hadi mjini kununua betri!"

"Kwa nini?"

"Alisema nikiendesha na wako, nikizima injini kiti chako kinapotea, linaweka changu. Ukirudi utakaa wapi?"

Breki alitoa leso, akajifanya anafuta jasho, na jua lilikuwa bado halijafika uani.

Mama Sare alitoka na mkoba wake, kwa haraka yake ileile. Alisoma karatasi ya daktari akiwa anatembea, akampa kijana agizo kwamba kuanzia leo yeye ni wa gari jipya la mizigo na majora ni yake, kisha akamwekea Breki mkononi kidude cheusi chenye uzi mwekundu. "Betri nimebadilisha," alisema. "Haya, tumechelewa."

Halafu akasimama. Hatua kumi nyuma, mkoba begani, kama zamani.

Breki alisogea, akagusa mpini. Gari likafunguka. Kiti kikaja mbele, kikapanda, kikajinyoosha wima. Mto wa kiuno ukatoka taratibu mpaka mwisho, na taa ndogo ya joto ikawaka kwenye namba ya juu. Hakuna aliyeigusa mipangilio yake kwa miezi minne. Aliketi, na mto ukamsukuma pale palipokuwa panauma. Hapakuuma. Ulimkera tu. Hapo ndipo machozi yalipomtoka waziwazi, na hakuyaficha.

Mama Sare aliingia nyuma. "Vipi, limekukumbuka?"

"Limemkumbuka yule mgonjwa, mama. Asante. Asante sana mama yangu."

"Asante baadaye, mteja ananisubiri."

Breki alizima joto. Akabonyeza kitufe cha pembeni, mto ukarudi ndani kidogo kidogo, akakilaza kiti kiasi cha mtu mwenye mgongo wake. Akaliondoa gari, na kwenye taa ya kijani akapunguza mwendo. Mama Sare akaguna. Walipofika kwa mteja alizima injini, na gari likamwandika upya.