Ng'ombe wa Mkono Mwingine

Lori la mgambo lilipomchukua jirani yetu kwenda vitani, watu wazima waliulizana nani atapalilia migomba yake. Sisi tuliulizana nani atachonga ng'ombe.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Kasulo, wilaya ya Ngara. Nyumba zilisimama mistari miwili, mlango ukitazamana na mlango, kwa kuwa tulihamishiwa hapo miaka michache kabla ya vita. Katika kuhama huko ng'ombe wengi walipotea. Baba alibaki na mmoja tu, naye alikuwa mzee, hazai tena. Nafikiri ndiyo sababu tuliwapenda wale wa mti kupita umri wetu. Tulikuwa tumemaliza darasa la saba, wengine wameanza kuota ndevu, na bado kila mmoja alikuwa na zizi lake nyuma ya nyumba au chini ya kitanda.

Jirani aliwachonga kwa mti wa umurinzi, mti mwepesi unaokubali kisu kama kiazi. Pembe ndefu alizichonga pamoja na kichwa, hakuzibandika. Madoa aliyachoma kwa spoku ya baiskeli iliyopashwa moto, kisha akapaka samli mpaka ng'ombe anang'aa. Alikuwa mtu wa mkono wa shoto, kwa hiyo mikia ya ng'ombe wake wote ililalia ubavu wa kushoto. Hatukuhitaji alama nyingine.

Lakini hukuweza kwenda kwake ukasema nataka ng'ombe. Ulipeleka jike lako. Alimgeuzageuza, akampapasa tumbo, akauliza kwa sauti ya bwana mifugo, "Huyu kapandwa na dume la nani?" Ulitaja dume la mwenzako, na mwenzako awe amekubali. Ndipo alipochonga ndama, akamchanganyia madoa ya baba na pembe za mama. Ulilipa mayai mawili. Kila ng'ombe alikuwa na ukoo, nasi tulizijua koo hizo vizuri kuliko za kwetu wenyewe. Asiye na wenzake hakuwa na dume, na asiye na dume zizi lake limekufa.

Tulikuwa sita, wavulana watano na mimi. Kwetu mwanamke hakami ng'ombe, na wavulana walinikumbusha hilo karibu kila siku. Walinivumilia kwa sababu ya Gaju. Gaju alikuwa jike la rangi ya udongo mwekundu, wa kwanza kuchongwa baada ya kuhamia pale, na nusu ya mazizi yao yalitoka tumboni mwake. Waliniita Mama Zizi. Sikuwa mwepesi wa maneno. Nilikuwa najibu kwa kuangalia vidole vyangu vya miguu.

Siku mbili kabla ya lori kuja nilikuwa nimempeleka Gaju kwa jirani. Dume lilikuwa Bihogo, la kijana aliyekuwa mkubwa kuliko sisi wote, ambaye ndiye aliyetuongoza. Lori likaondoka na jirani. Gaju akabaki ndani ya nyumba yake.

Majuma yakapita. Malori mengine yalipita barabarani yakielekea Biharamulo, yamejaa watu wanaoimba, na yaliporudi hayakuwa na mtu. Sabuni ilikwisha dukani, halafu sukari. Asubuhi moja tukasikia tezo ikigonga nyumbani kwa jirani: ko, ko, ko. Tulikimbia wote sita, mimi nikiwa wa mwisho. Tulimkuta mke wake amekaa kwenye kigoda, gogo la umurinzi katikati ya miguu. Alitutazama.

"Mnatafuta nini? Hajarudi."

Jioni hiyo tulikutana kwenye josho la zamani lililokauka. Mwenye Bihogo alikuwa wa kwanza kusema.

"Hakuna kupokea ndama wa mkono mwingine."

"Kwa nini?" aliuliza mdogo wetu. "Wakifanana?"

"Hata wakifanana. Ukimpokea, umesema mwenyewe harudi. Umeshamzika."

"Na yule mama akichonga kiwele," mwingine akadakia, "maziwa si yatakauka?"

Walicheka. Mdogo wetu akasema, "Kwani hawa wa mti wana maziwa gani, wewe? Umewahi kunywa?" Wakacheka zaidi, lakini mwenye Bihogo hakucheka. Alinigeukia.

"Mama Zizi, Gaju wako yuko kule. Utafanyaje?"

"Nitamchukua."

"Gaju peke yake?"

"Gaju peke yake."

"Haya. Atakayepokea ndama wa kule asije tena hapa kuomba dume."

Nilikwenda kesho yake. Mke wa jirani hakuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi, nilimwita dada. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuanza. Yeye ndiye aliyeingia ndani akatoka na Gaju mkono mmoja, na mkono wa pili ndama.

Sijui niseme nini juu ya ndama yule. Alikuwa na kichwa kilichoinama kidogo, kama anayenusa mama yake. Rangi ya Gaju ilianzia mabegani, na doa jeusi la Bihogo lilikaa kiunoni pale pale ambapo jirani angeliweka. Mkia wake ulilalia ubavu wa kulia.

"Aliacha ameniambia kapandwa na nani," dada akasema. "Ni wako. Mayai uliyatoa."

Nilimpokea. Nilijiambia ni kwa sababu mikono yangu ilikuwa imeshanyooka.

"Sikiliza," akasema akipunguza sauti. "Katibu wa kijiji atakuja. Tezo hii, na randa, na meza hii, ni vya kijiji, mume wangu alipewa alipotengeneza madawati ya shule. Sasa wanataka kuvipeleka karakana, fundi wa kule achonge hawa ng'ombe kwa ajili ya maonyesho ya wilaya. Katibu kasema kama kazi inaendelea hapa, vitabaki. Kama vimelala tu, anavichukua. Mimi nilimwahidi mume wangu akirudi ataikuta meza yake. Katibu akiuliza, utamwambia nani kachonga huyo?"

"Nitamwambia ni wewe, dada."

"Basi. Ni hilo tu."

Ndama nilimficha ndani ya kikapu cha maharage. Kwa siku tatu nilikuwa nikimtoa mchana, watu wakiwa shambani, ninamsimamisha karibu na Gaju, kisha namrudisha kila nikisikia hatua za mtu. Sikuwahi kumpenda ng'ombe yeyote namna ile, wala sikuwahi kuona aibu namna ile.

Katibu alikuja siku ya nne, baada ya watu kutoka shamba la ujamaa. Aliwaita wote uwanjani kwa balozi wa nyumba kumi. Dada aliniashiria nimlete ndama. Nilimleta nimemfunga kwenye kanga. Wavulana watano walikuwa wameegemea ua wa balozi, na mwenye Bihogo alikuwa anatafuna kijiti.

"Ndugu zangu," katibu alisema, "hatuna muda mrefu. Mama huyu anasema anachonga yeye. Fundi wa karakana anasema hajawahi kusikia mwanamke anachonga ng'ombe. Mimi si fundi. Kuna kazi yoyote ya kuonyesha?"

"Ipo," dada akasema, na akanitazama.

Nilifungua kanga. Katibu alimchukua ndama, akamgeuza chini juu kama mtu anayetafuta bei. "Kizuri," akasema. "Shikamoo hujui, binti?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Sema kwa sauti wasikie. Huyu ng'ombe kachongwa na nani?"

Nilimwona dada, amekunja mikono kifuani. Nikawaona wavulana watano. Mwenye Bihogo aliutoa kijiti mdomoni. Alikuwa ameuona mkia, wote walikuwa wameuona. Walijua, na walijua kuwa najua kwamba wanajua.

"Alichonga jirani," nikasema. "Kabla hajaondoka."

Nilingoja mmoja wa wavulana aseme, "Mwongo, tazameni mkia." Hakuna aliyesema. Neno la dada lilikuwa limeshakataliwa, shahidi wake nilikuwa mimi. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyeteleza kwenye matope mbele yako, ukiwa huna mkono wa kumpa.

"Basi imekwisha," katibu akasema, akanirudishia ndama.

Walibeba meza wanaume wawili. Randa na tezo fundi wa karakana alivishika mwenyewe, akipita katikati ya nyumba zetu, na tezo aliielekeza juu kama bunduki ya mgambo.

Mwenye Bihogo alinifuata mpaka kisimani. "Umesema vizuri," akaniambia. "Sasa tuna heshima yetu. Na huyo ndama mtupe, tutasahau. Dume utapewa."

Ilikuwa mara ya kwanza kunisifu. Nilijitwika ndoo kabla haijajaa, nikaondoka.

Baada ya wiki moja fundi wa karakana alileta ng'ombe wake kuwaonyesha watu. Alikuwa amewakata kwa msumeno katika ubao mmoja, kumi kwa mpigo, pembe amepigilia kwa misumari midogo. Wote walitazama upande mmoja. Hakuuliza jike wala dume. Ulitoa mayai yako ukachukua. Watoto wadogo walifurahi. Sisi sita tulisimama tukiangalia tu. Mdogo wetu alimshika mmoja, akamtafuta mama yake usoni, akamrudisha.

"Huyu ni yatima," akasema.

"Afadhali huyu kuliko wa yule mama," mwenye Bihogo akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Hakununua.

Nyumbani kwa dada kulikuwa kimya kabisa. Nilipopita kwenda shamba nilimwona akijaribu kwa kisu cha jikoni, akichonga, akitupa. Kisu kile hakiwezi kutoa tumbo. Siku nyingine nilimkuta kafunga kidole kwa kitambaa chekundu, na sikujua kama kitambaa ndicho chekundu au ni damu. Nilimsalimia, akaitikia vizuri kama anavyoitikia mtu yeyote, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Nilijua kwamba kwa mdomo sitaweza. Nikatafuta karatasi ya daftari langu la darasa la saba. Mimi huandika polepole. Barua ile ya mistari minne ilinichukua tangu asubuhi hadi mama aliporudi na kuni. Niliandika kwamba nilisema uongo mbele ya watu, kwamba ndama alichongwa na mke wa jirani mwenyewe, na kwamba ushahidi ni mkia: mume ni wa shoto, mke ni wa kulia, waangalie ng'ombe wote wa kijiji. Niliipeleka ofisini, nikaiweka mezani, nikageuka kuondoka.

"Wewe, simama," katibu akasema. Aliisoma yote, akaguna. "Ulisema uwanjani. Barua ni ya ofisini. Ulichokisema uwanjani utakirudia uwanjani."

Nilimwomba. Akasema hapana.

Watu walikuwa wachache kuliko mara ya kwanza, lakini wavulana walikuwepo wote. Nilisema nikitazama chini. Sijui nilisema nini hasa, nakumbuka tu kwamba katibu aliniambia mara mbili, "Hatusikii." Mara ya tatu nilipiga kelele, mpaka kuku wa balozi wakaruka.

"Ni yeye kachonga! Nilidanganya!"

"Kwa nini ulidanganya?"

Niligeuza macho kuelekea ua wa balozi. Wavulana watano waliangalia pengine. Katibu aliagiza ng'ombe waletwe, wa jirani na huyu ndama, akapitisha kidole kwenye mikia mmoja baada ya mwingine. Fundi wa karakana alikuwa wa kwanza kucheka. "Mimi nimeshachoka na ng'ombe," alisema. "Nina madawati thelathini. Tezo ichukueni, randa naibakisha, nina kazi nayo." Meza waliirudisha jioni ile ile, mguu mmoja umelegea.

Tulipokuwa tunatawanyika, mwenye Bihogo alipita karibu yangu. "Mama Zizi," alisema bila kusimama, "usije kwenye josho." Wengine walimfuata. Mdogo wetu aligeuka mara moja.

Nilikwenda kwa dada nikiwa na ndama kwenye kanga. Alikuwa anakaza mguu wa meza kwa kipande cha kamba. Nilitaka kusema samahani, nikasema shikamoo, ingawa hatukuwa tukisalimiana hivyo. Alicheka kidogo puani.

"Marahaba, bibi."

Nikamsaidia kushika mguu wa meza mpaka akamaliza kufunga. Kisha akanyoosha mkono.

"Ndama nipe."

Nilidhani anataka kumwangalia. Nilimpa. Alimpuliza vumbi, akamweka juu ya meza, mbali na mimi.

"Umeirudisha tezo, nashukuru, sitalisahau hilo," akasema. "Lakini huyu ulimkana mbele ya watu. Kwetu aliyemkana ndama hamfugi."

"Ndiyo, dada."

"Ukitaka mwingine, mlete Gaju. Utaniambia kapandwa na nani."

Niliitikia kwa kichwa, na wote wawili tulijua kwamba sasa hakuna kijana atakayenipa dume. Nilikunja kanga yangu tupu. Yeye alivuta gogo, akalibana katikati ya miguu, akaanza. Sikuwa nimefika barabarani, tezo ikawa inagonga.