Bata Aliyelipata Faili la Ukoo

Siku ninayoikumbuka mimi, mwanangu, tulikuwa watano hapa nyumbani Mwisenge. Mimi mwenyewe, bibi yake Tabitha aliyeposwa. Tabitha, aliyekuwa jikoni anakaanga sato huku masikio yake yako sebuleni. Neema, dada yake, mwalimu kule Bunda, ana kompyuta yake mapajani. Na wageni wawili wa Butiama: Mzee Wambura, baba mkubwa wa kijana anayeoa, na mdogo wake Marwa, ambaye kazi yake ilikuwa kuitikia.

Mzee Wambura hakugusa chai. Alisema kuna minong'ono kwamba nyumba zetu ni ndugu wa damu, na ndugu hawaoani. Nikamwambia hakuna udugu.

"Mama, wewe ndiye mwenye mtoto, utasemaje vingine?" akasema. "Tunataka maneno ya marehemu Magesa. Bila hayo hakuna harusi."

"Hakuna harusi," akaitikia Marwa. Jikoni kitu kikaanguka.

Magesa alikuwa kaka yangu. Kabla hajafa tulikaa naye tukamsimulia Neema ukoo wetu wote, naye akaandika kwenye kompyuta. Maneno yalikuwa humo humo ndani. Ila wapi?

Maana Neema anaitaga faili zake Mpya, Mpya Mbili, Mwisho, Mwisho Kabisa. Akafungua Mwisho Kabisa, kumbe ni mtihani wa sayansi. Basi akaenda kwenye kile kisanduku cha kutafutia: unaandika neno, kompyuta inapekua mpaka ndani ya maandishi. Akaandika "ukoo". Likaja somo la ukoo wa nyani, na picha zao.

Mzee Wambura akachungulia. "Na hawa ni wa upande wenu?"

"Upande wenu," akaitikia Marwa.

Neema akaandika "Magesa". Wakaja wanafunzi wake wote wanaoitwa Magesa, na wewe unajua mkoani Mara hapa akina Magesa walivyo wengi. Mzee Wambura akaanza kutafuta kofia yake.

Hapo nikakumbuka usichana wangu kule Kisorya. Mbuzi wetu alipotea, nikazunguka nauliza, "Mmemwona mbuzi mweusi?" Kila mtu alikuwa amemwona mbuzi mweusi! Jioni nikarudi nakokota mbuzi wa watu. Shangazi yangu Nyangeta akanigombeza mpaka majirani wakatoka: "Wewe mtoto, mbuzi wetu si ana sikio lililokatika? Hilo sikio ulikuwa unamfichia nani?"

Nikajiuliza, katika maneno yetu na Magesa, sikio lililokatika ni lipi? Nilikuwa nalijua. Nilinyamaza kwa heshima ya mgeni tu. Nikamtazama Mzee Wambura, naye akatazama dari.

"Neema," nikasema, "andika bata."

"Bata, bibi?"

"Bata."

"Mama, tunaweza kuja siku nyingine," Mzee Wambura akasema haraka.

"Siku nyingine," akaitikia Marwa.

Neema alishabonyeza. Likaja faili moja tu, lilikuwa limekaa katikati ya nyimbo za kwaya. Akasoma maneno ya Magesa: "Wambura wa Butiama alikuja kumposa dada yetu Robi. Wazee wa pande zote walichunguza siku tatu, hawakukuta udugu hata wa mbali. Posa ile ilivunjwa na bata wetu, aliyemkimbiza Wambura mpaka ziwani. Kiatu chake kimoja tulibaki nacho."

Tabitha akatokea mlangoni ameshika mwiko. Ndipo Marwa akasema neno lake mwenyewe la kwanza siku ile:

"Kaka, uliniambia alikuwa fisi."

Mzee Wambura akavuta kikombe, akanywa chai yote kwa mkupuo. "Alikuwa bata mkubwa," akasema. "Harusi iendelee."

Kwa hiyo, mwanangu, ukitafuta kitu, kwenye kompyuta au porini, usiulizie kile kinachofanana na vyote. Taja sikio lililokatika. Na ukihifadhi kitu, kipe jina utakalolikumbuka hata wageni wakiwa wamekukodolea macho. Mungu akujalie vyako vikuitikie kila ukiviita, na nyumba yako isikose wa kukucheka kwa upendo.

Kama nimekosea jina la mtu au neno alilosema, nyie mliokuwepo nirekebisheni. Hata Mzee Wambura na anirekebishe. Ila asiniletee habari za fisi.