Kiti cha Kukaa Muda Mrefu

Niliondoka Wundanyi kwa sababu ya mwandiko wangu. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka mmoja na nusu uliopita, na barua zangu zote za kuomba kazi zilikuwa zimejibiwa kwa "samahani" au hazikujibiwa kabisa. Kisha profesa mmoja aliyekuwa akichunguza biashara ya samaki kando ya ziwa akaiona moja. Alisema hajali nilisomea nini, ila mwandiko wa namna ile ndio alioutafuta. Ningewahoji wachuuzi na kunakili majibu yao, kwa usafi, kwenye karatasi kubwa zenye mistari. Nilipewa wiki moja ya majaribio. Jumatatu iliyofuata angezikagua karatasi Homa Bay, na zikimridhisha ningeajiriwa mwaka mzima.

Mama alinifungia mahindi ya kuchemsha, akaniambia nisifikiri sana njiani. Nilifikiri kwa nini ameniambia hivyo mpaka basi likaipita Nairobi.

Migori, Jumatatu asubuhi. Dereva wa profesa, mzee aliyeitwa Baba Akoth, alinipokea kituoni na kunionyesha mahali pangu pa kazi. Lilikuwa gari la kulala ndani, kombi kuukuu lililonunuliwa kwa watalii waliokuwa wakirudi kwao. Lilikuwa na jiko dogo, kabati, mapazia ya maua, na meza iliyoshikwa ukutani kwa bawaba. Kiti hakikuwapo. Kilikuwa kimeng'olewa zamani, yakabaki mashimo ya skrubu. Aliyenitangulia alikuwa akiandikia juu ya kreti ya soda, na alikuwa amefutwa.

"Alikuwa anaandika kama kuku imekanyaga wino," Baba Akoth alisema. "Lakini mimi sikumlaumu. Kalia hiyo kreti saa moja, utaona."

Nilikaa saa moja, nikaona. Meza ilinifika kifuani, mabega yakapanda hadi masikioni, na kufika mstari wa sita maneno yangu yalikuwa yakipanda mlima. Sikuwa na kitu kingine duniani ila mwandiko ule.

Alasiri tulizunguka sokoni kutafuta kiti. Kiti cha plastiki miguu yake ilitawanyika mno. Mmoja ulipanda juu ya kibanda cha gurudumu, ile nundu ya bati sakafuni inayofunika tairi, na mwingine ukaning'inia mlangoni. Kochi dogo lilikuwa laini kiasi kwamba niliposhika kalamu nilizama, meza ikawa kidevuni. Mzee mmoja wa kanisa alituazima kiti cha kukunja. Hicho kilinifaa, hadi Baba Akoth alipowasha injini na kiti kikajikunja nami ndani yake. Kila nilichokalia nilikipima kwa rula: goti, kiwiko, urefu wa mgongo. Nilirudi mara tatu kwa muuzaji yuleyule, na mara ya tatu akaniuliza, "Omera, unanunua kiti ama unaoa?" Wenzake wakacheka. Nami nilicheka, kisha nikakaa na swali lile alasiri yote iliyobaki.

Jioni nikaamua kuchora kiti changu mwenyewe. Kingekuwa sanduku refu lenye kifuniko, lipangwe kando ya ukuta. Mchana ningelikalia, karatasi zikiwa ndani, na usiku ningelifungua nilale humo. Kwa sababu ya kibanda cha gurudumu nilipunguza upana upande wa miguu, na upande wa kuegemea nikauongeza ili mabega yapate nafasi. Nilikifikiria kila kitu. Sijawahi kuchora kitu kwa makini namna ile.

Jumanne asubuhi nilikwenda peke yangu kwa Fundi Okeyo, seremala kando ya barabara ya kwenda Isebania. Mbele ya karakana yake yalisimama majeneza matatu, lakini karibu kila karakana ilikuwa nayo miaka ile ya ugonjwa wa kukonda. Vilio vilikuwa vingi upande ule, na nilikuwa nimejifunza upesi kutoyatazama. Sikuwa nimelala vizuri tangu nitoke nyumbani, na nilitembea nimeshika kiuno. Nilimpa mchoro nikamwambia mgongo wangu umekwisha.

"Siwezi kukaa hivi kwa muda mrefu," nilisema.

Aliutazama mchoro, akanitazama mimi. "Na hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Utalala humo?"

"Nitalala humo. Weka kitambaa laini, maana nitakuwa humo siku nyingi."

Aliiweka randa chini. "Watu wa kwenu wanajua?"

Nilidhani anauliza kama wanajua nimekuja kufanya kazi Migori. Nilimjibu kwamba mama anajua, nami nimemwomba asiwe na hofu. Fundi akachukua futi, akanipima kutoka utosini hadi kisiginoni, kisha mabega. Nilifurahi, maana hakuna aliyewahi kunipima mabega kwa ajili ya kiti. Aliniomba niandike jina langu kamili nyuma ya mchoro. Akasema kazi itakuwa tayari Ijumaa adhuhuri, kwa kuwa Jumamosi ni Sabato, naye hashiki randa. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Nikajiambia kwamba watu wa huku wana heshima sana.

Karungu, Jumatano na Alhamisi. Tuliegesha gari karibu na mahali wanawake wanapoanika omena. Walinijibu maswali kwa subira, wakigeuza samaki juu ya nyavu, wakichanganya Kiswahili na Dholuo, na Baba Akoth akinitafsiria. Mmoja aliponiona nikihangaika na kreti alinipa gunia la omena nilikalie. Lilikuwa na starehe kwa nusu saa. Kisha likabonyea upande mmoja, nami nikabonyea nalo, na mistari yangu ikaanza kuteremka badala ya kupanda. Kufikia Alhamisi jioni nilikuwa na kurasa kumi na nne zilizopinda, zote zikinuka omena. Nilijaribu kuzitazama kwa macho ya profesa. Nilikaa mlangoni mwa gari nikiuangalia ufuo, nikaona wazi nitakavyorudi nyumbani, na majirani watakavyouliza. Baba Akoth aliniambia nile ugali. Sikuweza.

Migori, Ijumaa adhuhuri. Fundi Okeyo alikuwa amevaa shati safi. Alitutangulia, mimi na Baba Akoth, hadi nyuma ya karakana, akaondoa shuka.

Lilikuwa jeneza. Mbao zililainishwa zikang'aa, ndani kitambaa cheupe kimepigwa misumari midogo kwa mpangilio. Kando yake uliegemea msalaba wenye jina langu lote kwa rangi nyeusi, herufi nzuri kuliko zangu. Chini ya jina palikuwa na nafasi ya tarehe, tupu.

"Msalaba nimekuongezea," alisema. "Nimekuombea pia."

Baba Akoth ndiye aliyeelewa kwanza. Alimuuliza fundi kwa Dholuo, fundi akajibu, akarudia kwa Kiswahili maneno yangu moja baada ya jingine: siwezi kukaa kwa muda mrefu, nitalala humo, mama asiwe na hofu. Baba Akoth alijaribu kujizuia, akashindwa, akaenda kuchekea nyuma ya gari.

"Ungesema kukalia," fundi aliniambia. "Mtu akisema hawezi kukaa, na amekonda hivyo, mimi nitajua anasema nini? Wiki hii wawili wamekuja kujipimisha wenyewe. Hao hawakuwa wanataka kiti."

Nilimuuliza kama linaweza kukatwa liwe benchi. Alisema mbao alizozipima kwa mwili wa mtu hawezi kuzikata, na Baba Akoth, ambaye sasa hakucheka tena, akasema gari lake halitabeba jeneza tupu. Tungali tumesimama hivyo alipofika mama mmoja na pikapu. Kaka yake alikuwa amefariki na walikuwa wakienda kumchukua. Aliyatazama majeneza matatu ya mbele, akasema ni mafupi, kaka yake alikuwa mrefu. Kisha akaliona langu.

"Hiyo iko na mwenyewe," fundi alisema, "lakini mwenyewe ndiye huyu, amesimama."

Mama yule alinitazama kwa muda. Nikamwambia alichukue.

Fundi aliulaza msalaba juu ya meza yake, akapitisha randa. Jina langu lilitoka vipande vipande, likaanguka sakafuni pamoja na maranda mengine. Kisha akamuuliza mama jina la kaka yake, akaandika hilo. Walipolipakia, nilisaidia kushika upande wa miguu, ule niliopunguza upana mimi. Mama aliingia garini, akasema, "Ukae salama, mwanangu."

Baada ya wao kuondoka fundi alipanda ndani ya kombi letu, akakaa kwenye kreti, akatazama huku na huku.

"Shida yako si kiti," alisema. "Meza ndiyo iko juu."

Alizifungua bawaba, akaishusha meza upana wa viganja viwili, akanipa kigoda chake mwenyewe, cha miguu minne, kilichochakaa katikati. Kazi ile haikuchukua muda wa kunywa chai. Nilikaa. Nyayo zililala sakafuni, viwiko vikalala mezani, mstari ukaenda sawa. Nilitaka kulia, na sikujua ni kwa ajili ya mstari au kwa ajili ya yule mtu mrefu.

Jumamosi na Jumapili nilinakili upya kurasa zote, na sikupumzika ila kula.

Homa Bay, Jumatatu. Ofisi ya profesa ilikuwa na dirisha linalotazama ziwa. Alinikaribisha kwenye kiti cheusi chenye magurudumu, chenye kuegemea mgongo na mikono. Kilinipokea kama kilichopimwa. Profesa alifungua karatasi zangu, akasema mwandiko ni mzuri sana, akageuza kurasa mbili zaidi bila kusoma. Kisha akanionyesha mezani kompyuta iliyofika wiki ile. Tangu sasa mpiga chapa angeingiza majibu moja kwa moja kutoka kwenye fomu. Kunakili kusingehitajika tena, wala mimi. Alisikitika, alisema, hakujua angenipata wapi barabarani anijulishe.

Nilimshukuru. Niliendelea kukaa kidogo, kwa kuwa katika safari nzima sikuwa nimekalia kitu chenye starehe kama kile.

Safari ya kurudi nilikuwa na kigoda miguuni mwangu. Baba Akoth ndiye aliyekisukuma ndani ya basi, akisema fundi hatakubali kirudi karakanani, nami nisimwaibishe. Njia nzima nilijaribu kupata funzo. Nilichopata ni hiki tu: nilisumbuka wiki nzima na kiti wakati ubaya ulikuwa kwenye meza, na wakati huohuo meza yenyewe ilikuwa inaondolewa. Na Migori kuna mtu amelala kwa vipimo vyangu.

Nilifika Wundanyi mchana. Mama alikiona kigoda, akaniona uso. Alipangusa vumbi kwenye kigoda kwa upindo wa leso yake, akakiweka karibu na jiko.

"Kaa," alisema.

Sikumuuliza alimaanisha kukaa kupi. Nikakaa.