Bi Kudra binti Bushiri na Wimbo wa Tupo

Alizaliwa Ngarambe mwaka 1934, msimu wa kuvuna mpunga, na wakunga walisema kilio chake cha kwanza kiliwashusha kima mtini. Mimi sikuwapo, lakini kwa kuwa ndiye aliyenifundisha alifu na bee, sibishi. Baba yake, Bushiri, alikuwa mkulima mwenye asili ya milima ya Umatumbi, mtu wa sala tano na maneno machache. Alimwita Kudra kwa sababu alimpata baada ya kuzika watoto watatu. Tangu utotoni binti huyo alipandishwa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ndefu ambamo mkulima wa Rufiji hukaa shambani miezi mizima akiamia mpunga wake. Huko ndege na nguruwe walifukuzwa kwa sauti, na sauti ya Kudra ilivuka mashamba manne. Baba yake alikuwa akimtania, "Mwanangu, nguruwe washakwenda zao. Tubakishie majirani."

Alisoma Kurani nyuma ya pazia la chuo cha wanaume, na alipoolewa na Fikirini, mwenyeji wa kitongoji cha Kilindima bondeni mwa mto, alikuja nayo kifuani. Mwaka 1962 alifungua chuo barazani kwake. Hakujaliwa mtoto wa kuzaa, lakini kwa miaka thelathini na tano watoto wote wa Kilindima walipita mikononi mwake, nasi tuliopita tunakumbuka kwamba mikono hiyo ilijua pia kufinya. Ualimu kwake ulikuwa ibada. Alisema atakapoulizwa kaburini alifanya nini duniani, hana jibu jingine ila chuo kile.

Ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara huria. Mjini watu walifurahia mitumba na sabuni za kunukia. Kwetu duka la ushirika lilifungwa, boti iliyokuwa ikinunua mpunga ikaacha kuja, na mgonjwa wa kijiji cha Kiongoroni alifika hospitali kwa majaaliwa. Watu wakazoea kusema, "Kila mtu na lake, nchi imeshatusahau." Bi Kudra aliuchukia usemi huo kuliko matusi.

Mwezi wa Shaaban, Desemba 1997, Fikirini alifariki dunia, na Bi Kudra akaingia eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani bila kujipamba. Sheria ya dini inajulikana. Lakini Kilindima walikuwa wameiongezea ya kwao: kwamba sauti ya mwenye eda isivuke kizingiti, na anayemwitikia anaukaribisha msiba nyumbani kwake. Hakuna aliyejua neno hilo liliandikwa wapi, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Katikati ya Ramadhani mvua za elinino ziliujaza mto, na asubuhi moja maji yakaingia majumbani. Watu wote wakakimbilia kwenye madungu yao. Sadala, mtoto wa ndugu yake Fikirini, alimbeba mjane kwa mtumbwi hadi kwenye dungu lake, akamtundikia kaniki ya kumsitiri. Madungu thelathini na moja yalisimama ndani ya maji, na kwa mvua ile na matete hayakuonana. Siku ya pili Sadala alimkuta Mzee Dadi, mkongwe aliyekaa peke yake, ameshakufa. Jirani zake walikuwa wamemsikia akikohoa, kisha wakasikia kimya. Hakuna aliyemwita.

Bi Kudra alipopewa habari hiyo alilia. Alfajiri ya siku ya tatu, baada ya sala, alifunua kaniki akaanza kuita kila dungu kwa jina la mwenyewe.

"Kibwana, upo?"

Kimya.

"Maalim Abdulswamadu, upo?"

Huyo ndiye imamu wetu. Kimya. Aliita majina yote ishirini na tisa yaliyobaki, akarudia tangu mwanzo, na wote waliomsikia walijiziba mdomo kwa kuogopa msiba. Sadala akamsihi, "Mama, waache. Hawataitika, na kesho watakuvunjia chuo." Alimjibu, "Chuo nitajibia mbele ya Mungu. Na Dadi je?" Akaita tena.

Mara ya saba aliitika Mwanaheri, binti mwenye kichanga cha wiki mbili. "Nipo miye, Bi Kudra! Dungu laanguka, tafuta mtu!" Sadala alipiga kafi kuifuata sauti, akawapakia mama na mtoto, na hawajafika mbali dungu lile likaenda na maji. Habari ikapita bondeni. Basi wengine wakaanza kuitika, mmoja mmoja kwa aibu, kisha wote, na kwa kuwa walikuwa wamefunga na wamechoka, Bi Kudra alikitia kile kiitikio mahadhi ili wasisinzie: Mpo? Tupo. Majina yalipokwisha akaita vijiji. Ngarambe mpo? Bungu mpo? Kiongoroni mpo? Watu wakacheka. Kibwana akauliza, "Bungu nani atawajibia, nao hawatusikii?"

"Jibuni nyie," alisema Bi Kudra. "Nao wakituita, watapata wa kuwajibia."

Wakajibu. Na alipofika kuiita Tanzania, wakaitikia kwa nguvu watu walewale waliosema imewasahau. Siku ya tano boti ya uokoaji kutoka Ikwiriri, iliyokuwa imepotea kwenye mvua, iliufuata wimbo huo ikawakuta wote waliosalia wakiwa hai. Siku tatu za saumu sauti ya mama yule haikukauka. Mganga ana maelezo yake; sisi tunasema ni karama.

Maji yalipopungua wazee walikaa barazani, wakamtuhumu kuvunja eda, wakamzuia kufundisha. Alijibu nyuma ya mlango: "Eda imenikataza kutoka, kujipamba na kuolewa. Haikunikataza kumwita jirani. Kama nimekosa, nihesabieni upya tangu leo, ila chuo mniachie." Maalim Abdulswamadu alifungua vitabu vyake siku tatu. Ijumaa akapanda mimbari, akasema mbele ya watu wote: "Sikuona katazo. Nimeona kosa langu. Aliniita mara saba, nami nilikuwa nasikia." Akashuka analia, na Jumamosi akawapeleka wajukuu zake chuoni kwa Bi Kudra.

Desemba ya mwaka huo wa 1998 watoto wa shule waliuimba wimbo huo Kibiti siku ya Uhuru, na watu wazima wakasimama bila kuambiwa. Baadaye ukasikika mbali kuliko tunavyoweza kufuatilia. Waliokuja na kinasa sauti kuuliza mtunzi, Bi Kudra aliwaambia, "Andikeni, wa Kilindima." Alifariki Bungu mwaka 2006, akiwa amelala kwa Mwanaheri aliyekuwa amehamia huko, na kichanga kile, sasa binti wa miaka minane, ndiye aliyemshika mkono.

Msomaji, karama ya sauti hatukupewa wote, na Mungu hatatudai tusichopewa. Lakini jina la jirani yako unalijua. Kesho asubuhi mwite. Akinyamaza, usiseme amelala. Nenda.