Baba Anataka Kumwandikisha Mume Wangu Kama Mtoto Wake

Admin, tafadhali ficha jina langu. Na nyinyi wa Kitale na Bungoma mkinitambua, nihurumieni, mnyamaze tu.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Myanga, kule Bungoma. Naishi Kitale, nafundisha kompyuta katika chuo kimoja kidogo cha mjini. Nimeolewa na tuna msichana wa miaka miwili. Mume wangu ni Mzimbabwe, na hapo ndipo shida yangu inapoanzia.

Nitamwita Tendai, ingawa si jina lake. Ni injinia. Aliletwa Kenya na kampuni iliyokuwa ikifunga mitambo ya intaneti huku kwetu magharibi. Tulikutana siku alipokuja chuoni kuweka antena juu ya paa. Aliposhuka akaniambia, "Dada, wewe rara tu. Mtandao hautarara." Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Kwao hawana l, "lala" huwa "rara", kama wanavyosema baadhi ya wazee wetu, kwa hivyo watu wa sokoni walidhani ni mtu wetu wa Bungoma kabisa. Tulioana kanisani Myanga. Baba yangu, ambaye ni mzee wa kanisa, alimpenda kuliko sisi watoto wake. Wakikaa pamoja ni hadithi za mahindi mpaka chakula kinapoa.

Mwaka jana, 2008, ile kampuni ikauzwa, ofisi ya Kitale ikafungwa. Ndipo tukajua kwamba kibali cha kazi kilikuwa cha kampuni, si cha Tendai. Kampuni nyingine ya Bungoma ilimtaka sana, ikamwombea kibali kipya. Tulingoja miezi. Jibu likaja kwamba kazi hiyo Mkenya anaweza kuifanya. Tukakata rufaa, jibu likawa lile lile.

Nikafunga safari hadi ofisi ya uhamiaji Nairobi, mtoto mgongoni, cheti cha ndoa mkononi. Nilikuwa na matumaini, kwa sababu mke wa kaka yangu ni Mganda wa Mbale na alipata uraia kwa kuolewa na Mkenya. Afisa aliyenihudumia alikuwa mama mpole. Alisoma cheti changu, akanirudishia.

"Mama, sheria inamtambua mke wa Mkenya. Mume haimtaji."

"Lakini mimi ni Mkenya!"

"Najua. Ungekuwa wewe ndiye mwanaume, saa hii tungekuwa tunaongea mengine."

Nilitoka nikaketi kwenye ngazi nikalia, watu wakinipita. Mtoto alidhani nacheza, akawa anacheka.

Tangu hapo Tendai anaishi kwa pasi ya muda mfupi, na haruhusiwi kufanya kazi. Injinia mzima anashinda nyumbani akiosha nepi. Wenye saiba, vile vibanda vya intaneti, wakimwita awarekebishie mashine, anaenda kwa woga. Siku moja nilimpelekea chakula kwenye saiba moja hapa mjini, nikiwa na mtoto. Mara wakaingia wanaume wawili wenye suti, wakauliza mwenye mahali yuko wapi. Tendai akadhani ni watu wa uhamiaji, akajifungia stoo. Mtoto alikuwa amemwona. Akaenda kuupiga mlango kwa viganja vyake, "Baba! Baba, fungua!" Hakujibiwa. Nikamnyakua, nikasema kwa sauti, "Baba hayuko hapa," naye akalia kama amechomwa. Kumbe wale watu walikuwa wanauza printa tu, bana. Walipoondoka Tendai akatoka, shati limelowa jasho. Hakuniangalia. Tulipofika nyumbani akasema, "Mtoto wangu ameniita nikanyamaza. Mimi nimeisha."

Sasa pasi inaisha mwisho wa mwezi huu, na ameambiwa hataongezewa.

Jumapili iliyopita baba alituita Myanga. Alimwomba mama atoke nje kwanza, kisha akasema, "Nimeamua. Nitaenda kwa chifu niape kwamba Tendai ni mtoto wangu. Nilimzaa nje, akakulia Uganda. Nani atabisha? Si hata kuongea anaongea kama sisi? Apate kitambulisho akae na mtoto wake."

"Baba, wewe ni mzee wa kanisa!"

"Mungu nitaongea naye mimi mwenyewe."

Tendai alimgeukia baba. Kisha akauliza, "Baba, mimi nikiwa mtoto wako, huyu mke wangu atakuwa nani?"

"Ah, hayo ni ya karatasi tu."

"Baba, karatasi ndizo zinanifukuza."

Akatoka nje. Baba akabaki anatazama sakafu. Sijawahi kumwona baba yangu akilia mbele ya watu, lakini siku hiyo nilimwona.

Tendai amefunga mizigo yake. Anasema aende kwao peke yake, sisi tubaki. Ndugu yake ni mwalimu huko, na amempigia simu kumwambia asirudi, kazi hakuna, hata walimu wanavuka kwenda Afrika Kusini kuchuma matunda. Mimi nataka kumfuata. Lakini nikienda, mimi ndiye nitakuwa mgeni asiye na ruhusa ya kufanya kazi, na tutakuwa watatu wenye njaa. Tena mama yangu ana sukari, miguu imeanza kumvimba, na mimi ndiye ninayempeleka kliniki.

Leo asubuhi baba amepiga tena, Tendai akiwa kwa kinyozi. "Jumatatu naenda kwa chifu. Niambie ndio ama la. Huyu kijana usimuulize, atakataa." Nikisema ndio, mume wangu atabaki, lakini uongo huo ukijulikana, baba na mume wangu wote wawili watafungwa. Na hata usipojulikana, kwa serikali nitakuwa nimezaa na kaka yangu. Nikisema la, namsindikiza Tendai, na sijui kama mtoto huyu atamjua baba yake tena.

Wenzangu, kichwa changu kimekwama. Msinitukane, nimetukanwa vya kutosha. Baba anangoja simu yangu. Nimwambie nini?